Michezo ya Mafumbo ya Simu Katika Nyumba za Pemba: Kila Umri na Kinachouvuta

Michezo ya mafumbo inayopakuliwa bure na kuchezwa kwa kidole kimoja imeingia katika nyumba zetu bila kishindo, na leo katika familia moja ya Wete au Chake Chake si ajabu kumkuta mtoto wa darasa la pili, kaka yake wa kidato cha nne, mama yao na bibi yao wote wanaujua mchezo ule ule, ingawa kila mmoja anaufungua kwa sababu yake. Tathmini hii inaangalia michezo mitatu ambayo nimeiona ikipokezanwa baina ya rika zote hizo, yaani Block Blast!, Candy Crush Saga na 2048, kisha inagusa michezo ya maneno, ambayo ina jambo lake la peke yake.

Kipimo ninachokitumia kwanza si uzuri wa picha wala wingi wa ngazi, bali ni kama mchezo unakubali kukatizwa. Maisha ya nyumba zetu hayamwachii mtu saa nzima ya kukaa na simu. Adhana inapoadhiniwa simu inawekwa chini, mteja anapobisha dirishani muuza duka anainuka, na wakati wa msimu wa karafuu wingu moja tu likitanda mlimani kila mtu anakimbilia majamvi kuanua. Bao linachezwa barazani kwa sababu baraza ina wakati wake, ina wachezaji wawili na watazamaji wa kuwashauri na kuwapinga, na kete 64 zilizogawanywa hazivurugwi kwa haraka. Fumbo la simu linaishi katika nafasi zinazobaki: wakati chai inachemka, wakati gari la abiria linasubiri kujaa, wakati boti ya Unguja haijafunga gati Mkoani. Mchezo usiokubali kuachwa katikati na kukutwa ulivyoachwa haufai kwa maisha hayo, hata ungekuwa na sifa gani.

Kwa kipimo hicho Block Blast!, uliotengenezwa na Hungry Studio, unasimama mbele ya mingine. Ubao wake una miraba 8 kwa 8, na mchezaji hupewa vipande vitatu kwa pamoja avipange anapotaka, kwa utaratibu anaoutaka. Mstari ukijaa, uwe wa kulala au wa kusimama, unafutika na kuacha nafasi. Vipande havigeuzwi, vinawekwa kama vilivyokuja, na mchezo unakwisha pale tu ambapo vilivyobaki mkononi havina pa kukaa. Hakuna saa inayohesabu. Mtu anaweza kuuacha ubao nusu umejaa, akaswali, akala, akarudi, na hakuna alichopoteza.

Chimbuko la fikra hii ni Tetris, mchezo ambao Alexey Pajitnov aliutunga mjini Moscow mwaka 1984. Katika Tetris vipande vinashuka vyenyewe, na kadiri mchezaji anavyoendelea ndivyo vinavyoongeza kasi, hata akili iliyokwisha kuona jibu ikashindwa kwa sababu kidole kimechelewa. Waliotengeneza michezo ya kundi la Block Blast! waliiondoa kasi na wakaliacha swali la nafasi peke yake. Ninaamini uamuzi huo mmoja ndio uliowafungulia mlango wazee na watoto wadogo kwa pamoja, kwa kuwa makundi hayo mawili yana kitu kimoja kinachofanana, nacho ni kuwa vidole vyao haviendi sambamba na mawazo yao.

Mtoto mdogo anavutwa na rangi, sauti na ule mlipuko mdogo wa mstari unapofutika. Hahitaji kujua kusoma, na hilo si jambo dogo kwa mtoto anayeanza kuunganisha silabi skuli. Mwanzoni anaweka kipande popote kinapoenea, na anafurahi vile vile akishinda au akishindwa, kwa sababu hesabu ya pointi bado haina maana kwake. Baadaye, kwa kawaida bila kufundishwa na mtu, anaanza kuiachia nafasi miraba tisa ya kipande kikubwa cha 3 kwa 3, kwani amekwisha kuumizwa nacho mara nyingi. Anayemtazama anaona wazi siku mtoto anapoanza kufikiria kipande ambacho hakijafika. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kabisa ya mchezo huu kwa umri huo, na inatosha kumruhusu mtoto aucheze kwa kiasi, madhali mdako na kibe havijasahauliwa uani.

Kijana wa sekondari anaufungua mchezo huo huo kwa ajili ya pointi. Kwake ubao si kitu cha kutuliza moyo. Ni mahali pa kumshinda mwenzake wa dawati moja, kisha kupiga picha ya kioo cha simu na kuiweka WhatsApp ili aliyeshindwa asipate pa kujificha. Mchezo wenyewe unamchochea, maana anayefuta mistari mfululizo anazidishiwa pointi, na kwa hiyo mchezaji hodari haridhiki kubaki salama, bali anaujaza ubao kwa makusudi ili aufute kwa mkupuo. Watu wazima wachache sana hucheza hivyo.

Wazee ndio walionishangaza. Nilitarajia wavutwe na kitu chenye maelezo na hadithi, na badala yake wanapenda utupu wa ubao ule. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, msukaji wa mikeka tangu usichana wake, anakishika kipande na kukizungusha juu ya ubao kwa muda mrefu kabla ya kukiachia, sawa na anavyoupima ukili kabla ya kuushona. Vipande ni vikubwa kiasi cha kuonekana na macho yaliyochoka, vina kingo zilizo wazi, na kidole kinachotetemeka kidogo hakimletei hasara, kwa sababu kivuli cha kipande humwonyesha mahali kitakapokaa kabla hajakiachia. Hakuna anayemharakisha. Jambo la kumsaidia ni kuongeza mwangaza wa simu na kupunguza sauti; baada ya hapo anajitegemea.

Candy Crush Saga wa kampuni ya King, uliotoka mwaka 2012, una tabia tofauti kabisa. Mchezaji hubadilisha nafasi za peremende mbili zilizo jirani ili zipatikane tatu za aina moja kwa safu, nazo hupotea, za juu zikaanguka kujaza pengo, na mara nyingi zile zilizoanguka huungana zenyewe na kuanzisha mfululizo ambao mchezaji hakuupanga. Furaha ya neema hiyo isiyotarajiwa ndiyo inayowashika watu wazima wenye kazi, na hasa kina mama ninaowaona wakiucheza baada ya isha, wakati watoto wamelala na vyombo vimeoshwa. Ngazi moja huchukua dakika chache. Kuna njia inayoonekana, iliyopita katika maelfu ya ngazi, na jana yako unaiona iko nyuma yako kwenye ramani. Mtu ambaye kazi zake za siku hazimalizwi, kwa kuwa nguo zilizofuliwa leo zitafuliwa tena kesho kutwa, anapata mahali ambapo kilichomalizwa kimemalizika.

Watengenezaji wake wanastahili sifa kwa jambo jingine ambalo halisemwi sana: kila rangi ya peremende ina umbo lake, na kwa hiyo asiyeweza kutofautisha baadhi ya rangi anaweza kutegemea umbo. Hilo limewabakiza wachezaji ambao michezo mingine ya rangi inawaacha nje.

Hata hivyo, Candy Crush Saga unapita nusu tu ya mtihani wangu wa kukatizwa. Mchezaji ana roho tano. Kila anaposhindwa ngazi roho moja inaondoka, na hurudi baada ya dakika 30, kwa hiyo aliyeishiwa kabisa anahitaji saa mbili na nusu kuzirudisha zote. Anayejitoa katikati ya ngazi aliyokwisha kuianza anahesabiwa kuwa ameshindwa. Kwa mtu mzima mwenye msimamo, ukomo wa roho ni uzio mzuri, kwani unamwambia lala. Kwa mtoto ni mateso ya kungoja, na mtoto anayengoja huzunguka nyumba nzima akiomba simu ya ami au ya khalati ili aendelee huko. Juu ya hayo, anayeshindwa akiwa amekaribia kumaliza huonyeshwa papo hapo kwamba anaweza kununua hatua chache zaidi za kuhamisha peremende kwa vipande vya dhahabu vya mchezo, na dhahabu hiyo hatimaye hulipiwa kwa fedha halisi. Wachezaji wengi hawalipi kamwe. Lakini biashara hii haikuwa ndogo: mwaka 2016 Activision Blizzard, kampuni kubwa ya Marekani ya michezo ya kompyuta, ilikamilisha ununuzi wa King kwa takriban dola za Marekani bilioni 5.9. Mzazi aliyeunganisha kadi yake ya benki na simu anayochezea mwanawe na aweke nywila ya malipo kabla ya jambo jingine lolote. Kwa maoni yangu mchezo huu ni wa watu wazima, ingawa picha zake zinawaita watoto.

Kuhusu 2048 maneno machache yanatosha. Gabriele Cirulli, kijana wa Kitaliano, aliutoa bure mwezi Machi mwaka 2014. Ubao wake ni wa miraba 4 kwa 4, na namba mbili zinazolingana zikisukumwa pamoja zinakuwa moja iliyo maradufu: 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, hadi kufikia 2048. Wanafunzi wanaopenda hesabu wanaung'ang'ania, na mwalimu anayefundisha vipeo hapati mfano ulio hai kuliko huu, maana 2048 ni 2 iliyozidishwa yenyewe hadi kipeo cha 11. Wazee hawaupendi. Kila msukumo unauhamisha ubao wote kwa mara moja, na macho yanapoteza mahali palipokuwa na kitu kilichokuwa kikitazamwa. Unahifadhi mchezo ulipoishia, ni mwepisi, na simu ya zamani yenye nafasi finyu inaubeba bila shida.

Baadhi ya matangazo ya michezo ya aina hii yanadai kwamba kucheza kunazuia usahaulifu wa uzeeni. Nawaomba wanaowanunulia wazazi wao simu wasisukumwe na dai hilo. Mwaka 2016 Lumos Labs, kampuni iliyotengeneza programu ya mazoezi ya ubongo iitwayo Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya Marekani inayolinda wateja kuishutumu kwa kuahidi manufaa, yakiwemo ya kuchelewesha kupungua kwa akili, bila ushahidi wa kutosha. Anayecheza fumbo kila siku anakuwa hodari wa fumbo hilo, na hilo lina raha yake. Faida ninayoishuhudia kwa wazee ni nyingine: mjukuu hukaa ubavuni mwa bibi yake kumwonyesha pa kuweka kipande, bibi humkatalia, na mazungumzo yanaendelea hadi mambo ambayo hayahusiani na simu.

Kasoro inayoenea katika michezo ya bure kwa jumla ni matangazo. Hujitokeza baina ya mchezo na mchezo, alama ya kuyafunga ni ndogo na huchelewa kuonekana, na kidole cha mtoto huangukia pasipokusudiwa, mara likafunguka duka la programu au mchezo wa kubahatisha fedha ambao hauna nafasi katika simu ya mtoto wa Kiislamu wala wa mwingine yeyote. Dawa yake ni rahisi. Michezo yote mitatu niliyoitaja inaweza kuchezwa bila intaneti, kwa hiyo data ikizimwa kabla ya kumkabidhi mtoto simu, matangazo mengi hayapati njia ya kufika, na bando la mwenye simu linasalimika pia.

Inabaki michezo ya maneno. Wordle, ulioandikwa na Josh Wardle, ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 2021 na kununuliwa na gazeti la New York Times mwezi Januari 2022. Mchezaji hubahatisha neno la herufi tano kwa nafasi sita, na neno ni moja tu kwa siku kwa wachezaji wote. Kwa kipimo cha kukatizwa ni mchezo ulio karibu na ukamilifu, kwani hauna cha kumvuta mtu zaidi ya dakika zake chache. Lakini ni wa Kiingereza, na kwa hiyo nyumbani kwetu unawafaa wanafunzi na watumishi wa ofisini tu, ilhali wenye hazina kubwa ya maneno ndani ya nyumba, waliokulia katika kutega na kutegua vitendawili, wanabaki watazamaji. Mtengenezaji atakayeuleta muundo huu kwa Kiswahili asifasiri orodha ya maneno tu. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kama pweza, tende na mkeka, kwa hiyo herufi ya tano inakisiwa kirahisi mno na ugumu lazima utafutwe mwanzoni mwa neno, ambako ngeli zinabadilisha herufi: kiatu na viatu vinatofautiana kwa herufi moja tu, na anayejua hivyo anaweza kumaliza nafasi zake mbili hapo hapo. Itabidi pia iamuliwe mapema kama vitenzi vilivyonyambuliwa vinakubaliwa, la sivyo ubishi wake hautakwisha barazani. Mchezo wa namna hiyo ningeuweka kwanza katika simu ya bibi, kwa maandishi makubwa, kabla ya kuupeleka kwa wajukuu zake.