Kipima lakteti cha mkononi: kinafaa kwa joto la Malindi?

Kifaa hiki hupima lakteti kwenye damu, yaani kemikali ambayo misuli huitoa kwa wingi inapofanya kazi kwa nguvu. Kwa kukitumia, hakina tofauti kubwa na mashine ya sukari: unatoboa kidole, kijiti kinafyonza tone, na baada ya sekunde 15 hivi namba inatokea. Mkimbiaji wa ufukwe wa Silversands kitamfaa. Mtu aliyepumzika huwa na milimoli 0.5 hadi 2 za lakteti kwa lita ya damu. Ikifika 4 na kuendelea kupanda, mwendo huo hataumudu muda mrefu.

Adui mkubwa ni jasho. Lina lakteti nyingi kuliko damu, na Malindi wakati wa kaskazi vidole havikauki. Osha kwa sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, upime la pili. Usikamue. Namba ikiruka kutoka 2 hadi 7 bila sababu, osha upya kabla hujailaumu mashine. Kikopo cha vijiti kifungwe papo hapo, maana unyevu wa pwani huviharibu upesi. Kuviacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni sawa na kuvitupa.

Kasoro iko kwenye maneno ya wauzaji wanaodai kifaa “kinasoma jeni”. Hakisomi. Walichochukua ni habari ya kweli: mwaka 2019 kundi la Yingming Zhao wa Chuo Kikuu cha Chicago lilionyesha kwamba lakteti huacha alama kwenye histoni, protini ambazo DNA imejizungushia, na alama hiyo huchochea jeni kufanya kazi. Kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza bakteria, alama huongezeka saa nyingi baada ya mapambano kuanza, na jeni za ukarabati kama Arg1 huamka. Imeonekana pia kwenye seli za saratani, ambazo hutengeneza lakteti hata oksijeni ikiwepo, jambo alilolieleza Otto Warburg miaka ya 1920.

Ila hayo yote yanafanyika ndani ya seli. Tone la kidole linaonyesha lakteti iliyomo kwenye damu dakika ile tu. Alama zenyewe hutafutwa maabara kwa antibodi maalumu, kwenye seli au kipande cha tishu. Anayekinunua kuchunguza saratani amepigwa.

Vijiti ndivyo vinavyokula pesa. Timu inaweza kuchangia mashine moja, lakini sindano ya kutobolea kila mtu na yake, tena mpya.