Nimezalia hapa wa pili, kisu tena lakini safari hii nliulizwa

Nyota 4 kati ya 5. Jina la hospitali naliweka kando, ni ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa. Naandika kwa wamama wenye mshono wa mtoto wa kwanza na sasa wana mimba ya pili na kila mtu awaambia lake, wazae kawaida ama wapasuliwe tena, maana mie juzi tu nlikuwa hapo hapo na usingizi sipati.

Wa kwanza nlizalia kwengine, mwaka 2022. Usiku wa manane naletewa karatasi, weka sahihi hapa, mtoto amechoka, basi. Nlikuwa kwenye uchungu ningeuliza nini? Nimekaa miaka 3 na kovu tumboni sijui hasa nlipasuliwa kwa nini, na hilo lilinuma kuliko kidonda chenyewe. Mamangu kazaa 7 Kisauni kwa mkunga, shangazi naye hunambia ukishapasuliwa mara moja wewe ni wa kisu tu maisha, mama mkwe asema mwanamke ni yule aliyesukuma. Sasa ushike lipi jamani.

Kliniki ya kwanza hapa nkapewa sista mmoja mtu mzima, mkunga wa miaka mingi, akanikalisha karibu saa nzima. Hakunivuta huku wala kule. Alichukua risiti yangu ya maabara akaigeuza akachora kizazi kwa kalamu ya bluu kama pea iliyosimama kichwa chini, akapiga mstari wa kulala huku chini, akasema ukiwa ulikatwa hivi waweza kujaribu kawaida, ukiwa ulikatwa wima mpaka juu usijaribu. Na alama ya ngozi haisemi kitu, nje yaweza kuwa imelala na ndani imesimama, kwa hivyo nenda kaniletee ripoti ya ile operesheni.

Nkaenda huko kwa zamani, nkazungushwa siku 2 kwenye dirisha la mafaili. Nlipoipata nkasoma pale pale kwenye benchi: mkato wa kulala, na mtoto alikuwa ametanguliza matako. Miaka 3 yote! Nlilia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Sista alipoiona akafurahi kwa niaba yangu, maana kutanguliza matako ni mambo ya mimba ile, si kwamba njia yangu ni ndogo. Akanambia kati ya wanawake 100 wanaojaribu kawaida baada ya kisu kimoja, kama 60 mpaka 80 hufaulu. Hakunificha na ubaya wake, mshono waweza kufumuka ukiwa kwenye uchungu, kama 1 kati ya 200, na ukifumuka zinahesabiwa dakika, kwa hivyo usijaribu nyumbani wala kituo ambacho thieta yake ya upasuaji usiku imefungwa, hakuna damu na daktari wa nusu kaputi yuko safarini. Kisu cha kupanga nacho kina yake, unapoteza damu zaidi, unapona pole pole, na kama wataka watoto 4 au 5 basi kila kisu chaongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu. Na ukikipanga, kama hakuna tatizo, wanangoja wiki 39 kwa ajili ya mapafu ya mtoto. Mume wangu alikuwepo, akauliza maswali kunishinda.

Nkachagua kujaribu. Uchungu ulinishika alfajiri, tuktuk kutoka Kongowea, daraja la Nyali halijajaa, alhamdulillahi. Saa sita mchana niko sentimita 6, saa kumi bado 6. Daktari akaja akakaa kitandani, akanambia moyo wa mtoto uko sawa, dawa ya kuongeza uchungu haitaki kwenye mshono wangu, twaweza kungoja saa moja huku tunakuangalia ama twende thieta sasa, wewe waonaje. Nkasema saa moja. Haikutimia, karatasi ya mashine ikaanza kuonyesha moyo unashuka, akanionyesha kwa kidole, hapa na hapa, nkasema mwenyewe twende. Sindano ya mgongo, miguu ikawa kama si yangu, nahisi wanavuta lakini hakuumi, mara nasikia kilio. Wakanilaza mwanangu kifuani na ile baridi yote ya thieta. Kilo 3.4, msichana. Sijajuta hata siku moja.

Mama mkwe alikuja na leso mpya na chupa ya uji wa pilipili manga, yuko tayari kunikanda tumbo na maji moto kama desturi ya arubaini. Sista akamshika mkono, mama, mgongo na miguu mkande, kidonda tukiache kikavu. Akasikia! Mie nlidhani patazuka vita.

Nyota moja nimeitoa kwa haya. Usiku wa pili nlibonyeza kengele nusu saa nzima bila mtu kuja, na wa kisu kujiinua mwenyewe hawezi, mtoto alia pembeni nami namtazama tu. Halafu bili. Nliambiwa kawaida 70,000, kisu 160,000, SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa 10,000 kwa kawaida na 30,000 kwa kisu, zilizobaki zako. Sawa, hiyo nlijipanga nayo. Siku ya kutoka nakuta 14,000 zaidi za glavu, pamba na vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyewahi kuvitaja, mume wangu akabaki pale kaunta apigia ndugu zake simu nami nimekaa kwenye kiti na mtoto tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa hivyo mkienda muulizieni yule sista mkunga wa kliniki, mwende na ripoti ya operesheni ya kwanza mkononi, na bili ya njia zote 2 waiandike mapema, na glavu zake humo humo.