Nimelipia muswada mzima usomwe, nikaambiwa nimtafutie mhusika mke

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nina muswada wa riwaya: maneno 94,000, sura 27, miaka kadhaa ya kuamka kabla ya wenzangu nyumbani. Ndugu na marafiki walishausoma, na jibu lao lilikuwa moja: "Nzuri sana, endelea." Mmoja alinijibu hivyo saa mbili tu baada ya kutumiwa, sijui alisoma kwa macho gani. Nikaona heri nitafute mtu asiyenijua, nimlipe, aniambie ukweli hata kama unachoma. Ndipo nikaipata huduma hii ya kutathmini miswada.

Mwanzo walinipendeza. Waliniuliza nataka nini hasa, nikawaeleza kwamba sitaki kusahihishiwa nukta na mkato. Hiyo ni kazi ya mwisho kabisa. Huna haja ya kupaka rangi ukuta ambao huenda ukaubomoa. Nilitaka kujua kama msuko unashikana, kama wahusika wanasimama, na msomaji anaanza kupiga miayo wapi. Kwa muswada mzima. Narudia: nililipia muswada MZIMA.

Waliahidi wiki tatu. Zikapita, zikapita na nyingine, nikawa mtu wa kufungua baruapepe usiku wa manane kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Hilo nimeshawasamehe. Mwishowe ikaja ripoti ya kurasa saba, pamoja na faili langu likiwa na maoni pembeni.

Ukurasa wa pili wa ripoti, aya ya kwanza: "Amani ni kijana wa kiume mwenye hasira asiyoweza kuitaja. Anavutia, ila ni mpweke mno. Mwandishi amtafutie mke au mchumba ili tuone na huruma yake."

Amtafutie mke.

Amani ni mwanamke! Sura ya 16 anajifungua mapacha. Tena si kwa mafumbo wala si ndotoni. Ni kurasa kumi na moja za uchungu, mkunga aliyechelewa na kelele ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa sauti jikoni nikihakikisha zinasikika kweli. Mtu aliyepita hapo hawezi kukaa chini akaandika kwamba Amani anahitaji mke. Na ripoti nzima ni hivyo: "kijana huyu", "bwana huyu", "jamaa". Kurasa saba za jamaa.

Nikafungua faili. Maoni ya pembeni yalikuwa mengi, mazuri mengine, mpaka ukurasa wa 88. Baada ya hapo, kimya. Kurasa mia mbili na zaidi hazina hata alama ya kuuliza. Nikaenda kwenye taarifa za faili, maana Word huandika faili limehaririwa kwa muda gani, nikakuta saa mbili na dakika kidogo. Piga hesabu. Anayesoma maneno 250 kwa dakika, na huyo si mvivu, anahitaji zaidi ya saa sita kuyamaliza maneno 94,000, bila kusimama kuandika chochote. Ni kweli angeweza kuwa amesoma kwenye simu, au amechapisha kwenye karatasi. Sawa. Basi hayo mapacha aliyaruka vipi?

Nikawaandikia. Kwa adabu, nadhani, ingawa nilipoirudia ile barua juzi niliona nimeweka alama nne za mshangao mahali pamoja. Niliuliza swali moja: msomaji wenu alifika sura ya ngapi? Nikajibiwa hivi: "Ndugu mwandishi, msomaji wetu ana uzoefu wa muda mrefu. Tunafahamu waandishi wachanga wengi hawapendi kuambiwa ukweli."

Hebu soma tena jibu hilo. Mimi ndiye niliyelipa ili niambiwe ukweli! Nimeuliza namba, nimepewa mawaidha. Usiku ule nilitaka kuwapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile sifuri hairuhusiwi.

Nikaamua kuwajibu kwa ushahidi. Nikafungua muswada wangu nikisaka, ndani ya sura nane za mwanzo, zile zinazoishia ukurasa wa 88, kila mahali panapoonyesha kuwa Amani ni mwanamke, ili niwabandikie yote mezani.

Sikupata hata mahali pamoja.

Nilianza tena. Sura ya kwanza Amani yuko chumba cha injini kwenye meli ya mizigo, amevaa ovaroli, mikono imejaa grisi. Mabaharia wanamwita "Fundi". Baba yake kwenye simu anamwita "mwanangu". Nahodha anamfokea. Kila kitenzi ni alishika, alicheka, alinyamaza, na Kiswahili chetu, mnakijua, hicho kiambishi a- hakimtofautishi bibi na bwana. (Hata wewe unayesoma hapa hujui mimi ni nani kati ya hao wawili. Umeshakisia, lakini.) Sura ya 5, pale ambapo kitenzi kingemfichua, niliandika "ndoa yake ilidumu miaka miwili". Ndoa yake! Si alioa, si aliolewa. Niliona ni sentensi tulivu, nikajisifu. Neno la kwanza kabisa linalomtaja kuwa mwanamke ni "alipoolewa", na liko ukurasa wa 89. Mwanzo wa sura ya 9.

Yaani yule msomaji aliacha ukurasa mmoja kabla. Angefunua mara moja tu.

Sikuwa nimekusudia kumficha. Hilo ndilo linalonitia aibu, kwa sababu ingekuwa mbinu ningeitetea mpaka kesho. Mimi Amani namwona. Najua sauti yake, najua anavyofunga nywele kabla ya kuingia chini ya injini. Zile nywele ziko kichwani mwangu tu. Kwenye karatasi hazipo.

Nikawapa watu wawili wa kazini sura ya kwanza bila kuwaambia kitu, nikawaomba wanieleze Amani yukoje. Mmoja akasema mwanamume wa miaka arobaini hivi, ana ndevu. Ndevu! Wa pili hakuweka ndevu ila naye alisema mwanamume. Kisha nikampigia yule ndugu yangu wa "nzuri sana" ya saa mbili. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kumbe ni dada?"

Kwa hiyo sasa nifanyeje na hawa watu? Katika wote walioushika muswada wangu, ni huyu mvivu wa ukurasa wa 88 peke yake aliyeandika alichokiona, akatia na saini. Na nikisoma maoni yake ya pembeni moyo ukiwa umetulia, hayakuwa ya bure. Ameona kwamba sura ya 3 nimeingiza kisengere nyuma (kurudi kwenye yaliyopita) ndani ya kisengere nyuma kingine, na msomaji hajui tena tuko mwaka gani. Amehesabu "ghafla" arobaini na mbili. Kwenye mazungumzo ya Amani na nahodha ameandika tu "hapa nimeamini", nami nilikaa na maneno hayo mawili siku nzima.

Basi nyota tatu. Hapana, ngoja. Nikikumbuka "waandishi wachanga" damu inachemka upya, nazirudisha mbili. Kukosea kumsoma Amani ni haki yake, kosa lilikuwa langu. Kuandika hitimisho la riwaya ambayo hukuifikisha mwisho ("mwisho unaridhisha", wameandika, ukurasa wa saba!) ni jambo jingine, na jina lake ni uongo. Huo mwisho unaoridhisha ni Amani akiwaacha watoto bandarini na kupanda meli. Hakuna aliyewahi kuusoma akaridhika, hata mimi.

Nimeshaandika upya sura ya kwanza. Nahodha sasa anamwambia, mbele ya wanaume kumi na wawili, kwamba hakuomba aletewe mwanamke kwenye injini. Ikawa sura bora kuliko zote, na siwezi kusema nimeipata peke yangu.

Wakinitafuta, ninachotaka si fedha zangu. Sura nane walizisoma kuliko nilivyozisoma mimi. Zile kumi na tisa bado nawadai.