Buti ilifunguka barabarani, na fundi alichonijibu ni "bamiza kwa nguvu"

"Bamiza kwa nguvu, dada, utafunga tu."

Hayo ni maneno ya fundi mkuu wa gereji niliyoipelekea motohomu yangu, yaani gari langu la kuishi safarini, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Sikwenda pale na shida kubwa. Injini nzima, breki nzima, paa halivuji. Shida ilikuwa mlango mmoja wa buti ya pembeni, ile ndefu ninayoweka bomba la maji, kebo ya umeme na vipande vya kuweka chini ya magurudumu ili gari likae sawa. Ulikuwa unagoma kufunga. Nikawaachia gari kutwa nzima. Jioni naambiwa tayari, njoo ujaribu. Najaribu, mlango unarudi. Ndipo akausukuma yeye kwa kiganja, pah, ukakaa, akanipa hilo jibu na kuondoka zake kabla sijauliza swali la pili.

Nikawa nabamiza. Nilimwamini, ndiye fundi.

Siku zilizopita sizikumbuki vizuri, hazikufika kumi. Niko barabara kuu, upepo unapiga ubavuni, nimetoka kumpita mwendesha baiskeli na sijaenda mbali, natupa jicho kwenye kioo cha pembeni naona mlango wa buti uko wazi. Haupepei, umesimama. Mlango ule bawaba zake ziko juu, na una shokapu mbili ndogo za gesi za kuunyanyua. Ukiachia kidogo tu, shokapu zinaumalizia zenyewe, unatoka nje ya ubavu wa gari kama ubao wa meza. Kimo chake nilikipima baadaye kwa mwili wangu mwenyewe: unafika shingoni mwa mtu aliyekaa juu ya baiskeli.

Nikaegesha pembeni. Yule mwendesha baiskeli akafika, akanipungia mkono, akapita. Alidhani nimesimama kupumzika. Sikuweza hata kuinua mkono kumjibu. Mlango ungefunguka sekunde chache kabla, ungempiga yeye.

Bomba la maji lilikuwa limening'inia nusu nje, limechubuka lote kwa kuburutwa. Bomba silijali. Nitanunua jingine.

Jioni ile nilijilaza chini na tochi, nikaangalia kitu ambacho wao walikaa nacho kutwa. Buti fupi huwa na kitasa kimoja. Ndefu kama yangu ina hendo, yaani mkono wa kuvutia mlango, katikati, na nyuma ya hendo kuna vyuma viwili vyembamba, kimoja kinakwenda kona ya mbele na kingine kona ya nyuma. Kila kona ina kitasa chake chenye taya linalozunguka na kung'ata pini iliyofungwa kwenye fremu. Taya hilo lina hatua mbili, sawa na mlango wa gari lolote dogo: klik ya kwanza limeshika kwa ncha, klik ya pili limefunga kweli. Kona ya mbele ilikuwa inafika ya pili. Kona ya nyuma ilikuwa inaishia ya kwanza, kila mara, kwa sababu ndani yake grisi kuukuu ilishachanganyika na vumbi ikakauka kama lami. Ukiwa nje huoni kitu. Mlango umekaa, hendo imelala, ufunguo unageuka. Ukibamiza, unazidi kujidanganya.

Na juu ya uchafu ule kulikuwa na grisi mpya! Nyeupe, bado inang'aa. Maana yake waliufungua, wakaona, wakapaka juu yake na kufunga. Afadhali wangeniambia hawajagusa kitu.

Nilirudi pale kesho yake. Nilienda na adabu zangu zote, nikamwambia fundi, kona ya nyuma haishiki, mlango umefunguka nikiwa barabarani, nusura niue mtu. Hakuinama kuangalia. Alinitazama akasema, "Wewe endesha, ufundi tuachie sisi." Mbele ya wateja wengine wawili. Mzee mmoja pale akacheka.

Kisha akataka kunionyesha kwamba mlango hauna tatizo. Kumbe taya la kona ya nyuma lilikuwa limejifunga likiwa hewani, halijashika pini. Hali hiyo mtu yeyote anayejua vitasa hivi huiangalia kabla ya kufunga mlango, kwa sababu taya lililofungwa haliwezi kupokea pini, litaigonga tu. Yeye akabamiza. Nilisikia mlio wa chuma kwa chuma, pini ikapinda. Mlango ukakwama nusu. Akavuta hendo, haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, ikatoka kweli, ikamvunjikia kijiti cha ndani kinachosukuma vile vyuma.

Wala hakuomba radhi. "Tutachomelea," akasema.

Mimi si fundi lakini hili nalijua, na nilimwambia: hendo hizi humiminwa kwa aloi ya zinki. Aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 385 hivi, wakati chuma cha kawaida kinataka zaidi ya 1,400. Huwezi kuichomelea kama geti. Akaniambia niende nikakae. Baada ya nusu saa akaniletea donge. Kile kijiti kilikuwa kimeyeyuka chote, kimejikunja pembeni ya hendo kama nta ya mshumaa. Na kwenye bili kazi ya kuchomelea iliandikwa. Niliikataa, tukabishana, mwisho wakaifuta kwa kalamu huku wananuna kana kwamba nimewaibia.

Hapo nilipanga kuandika nyota moja na kufunga mjadala. Lakini haki lazima isemwe. Wakati nafunga mlango ule kwa kamba ili niondoke, kijana mmoja msaidizi, sidhani kama alikuwa na miaka ishirini, alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ukipata hendo mpya usifunge mlango kwanza. Uache wazi, chukua bisibisi, sukuma kila taya mpaka lilie mara mbili. Halafu vuta hendo. Yakiachia yote mawili kwa pamoja, iko sawa. Likichelewa moja, rekebisha chuma cha upande huo." Akaniomba bisibisi, akanionyesha mara moja kwenye kitasa cha mbele, halafu akakimbilia ndani alipoitwa. Hiyo ndiyo huduma pekee niliyoipata pale, ilichukua dakika mbili na haikuandikwa kwenye bili yoyote.

Kazi nimeimaliza mwenyewe. Nilichukua vipimo vya hendo ya zamani, urefu, upana na nafasi ya matundu ya skrubu, nikaagiza inayolingana, pamoja na pini mpya. Vitasa vyenyewe vilikuwa vizima! Nilivitoa, nikavisugua kwa mswaki na dawa ya kuyeyusha grisi mpaka rangi ya chuma ikaonekana, nikavikausha, nikapulizia kilainishi kikavu kisichoshika vumbi. Kwenye tundu la ufunguo nilitia unga wa grafaiti, oili sikuweka. Mpira wa kuziba nao nikaufuta, nikaupaka silikoni, maana ukikauka unausukuma mlango nje na kitasa kinabeba lawama ya mpira. Kabla ya kulegeza nati ya pini nilichora mstari wa penseli kuonyesha ilipokuwa, na gari lilikuwa limekaa sawa pande zote. Gari likiegemea upande mmoja fremu inajipinda kidogo, nawe utakuwa unarekebisha kosa ambalo halipo. Pini ya nyuma niliisogeza ndani kama milimita tatu. Klik, klik. Kwa kidole kimoja. Sasa naufunga kwa kidole kimoja mlango niliokuwa naambiwa niubamize.

Kwa hiyo kitasa chenyewe nakisifu? Nilitaka kukisifu. Kikisafishwa kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Lakini nikiishika ile hendo iliyovunjika nakasirika upya. Mlango wa kimo cha nusu mtu, una shokapu mbili zinazousukuma kutwa, na kitu kinachofungua vitasa vyote viwili ni kijiti cha zinki chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Yule fundi alivuta kama mwendawazimu, sawa, lakini kijiti cha chuma kingemvumilia. Na wakati niko kwenye kuagiza nikagundua kwamba ufunguo wa buti yangu ndogo umechorwa CH751, namba ambayo magari ya kuishi mengi mno yanaitumia. Nilipokuwa kambini nilimwomba jirani ajaribu wake. Ukafungua. Tulitazamana tu. Silinda ile nimeibadilisha wiki hiyohiyo, na wewe angalia ya kwako leo, imeandikwa kwenye ufunguo.

Sasa nyota. Kitasa nakipa tatu, na hendo naitolea moja, zinabaki mbili. Gereji nilitaka kuipa mbili kwa ajili ya yule kijana. Nimeandika mbili, nimefuta, nimeandika tena. Lakini kijana hatanufaika na nyota hiyo, itakwenda kwa bosi wake, na bosi wake mpaka leo sina hakika kama ameelewa kwamba mtu wa baiskeli alikuwa karibu kiasi gani. Nilimweleza mara mbili. Mara zote mbili alikuwa anafuta mikono kwa tambara, anaangalia kwingine.

Moja. Naibakisha hapo. Na kijana, kama unasoma hapa, siku ukianza kazi yako mwenyewe nitafute, nina milango mingine minne ambayo sitaki iguswe na mtu mwingine.