Odoo 17 kwenye depo ya Lubumbashi: mzigo inaufuata vizuri, chati uchore mwenyewe

Programu nyingi za stoku zinadhani mzigo una makao mawili tu, kwa muuzaji au deponi. Lubumbashi mzigo unakaa sana njiani. Umetoka Dar es Salaam, umepita Tunduma, umekatiza Zambia, sasa uko Kasumbalesa mpakani unangoja karatasi za dwani (forodha), na bosi anauliza mafuta yake yamefika wapi. Programu isiyoweza kumjibu swali hilo haina kazi hapa. Odoo 17, toleo la bure la Community, inaweza, ila ukiiweka kama inavyotoka kiwandani itamjibu vibaya.

Historia yake kwa ufupi: ilizaliwa Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, ikawa OpenERP, na tangu 2014 inaitwa Odoo. Toleo la 17 lilitoka Novemba 2023. Chini yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL, na hilo litatufaa tukifika kwenye chati.

Nguvu yake kubwa ni namna inavyofikiri. Kila kitu ni mahali: muuzaji ni mahali, mteja ni mahali, rafu ni mahali, hata upotevu umepewa mahali pake. Katoni haiwezi kufutika. Lazima itoke hapa iingie pale, na jina la aliyeihamisha linabaki. Magazinye (mtunza stoku) aliyezoea kurekebisha daftari kwa kalamu nyekundu ataichukia wiki ya kwanza.

Sasa Kasumbalesa. Wengi huifanya kuwa mahali pa kawaida ndani ya depo ileile. Matokeo yake, mzigo ukipokelewa mpakani, muuzaji aliye mjini anaona katoni 1,200 "zipo", anamuahidi mteja, na kamio (lori) bado iko kwenye foleni. Ifungue Kasumbalesa kama depo ya pili inayojitegemea, kisha uhamishe mzigo kutoka depo hiyo kwenda ya mjini. Mauzo yakifungwa kwenye depo ya mjini, muuzaji kwenye oda yake haoni cha mpakani, na bosi anaona vyote.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye mapokezi. Katika toleo la 17, ukifungua karatasi ya kupokea, safu ya kiasi imeshajazwa tayari kwa idadi iliyoagizwa. Kamio ikileta 1,180 badala ya 1,200, na magazinye akabonyeza "Valider" bila kuhesabu, programu inaandika 1,200 na pengo la katoni 20 litaonekana siku ya kuhesabu stoku, wakati dereva ameshasahaulika. Akiweka 1,180, inamuuliza kama itengeneze "reliquat", yaani karatasi ya salio. Akikataa, zile 20 zinaondolewa kwenye mapokezi yanayongojwa bila kelele. Kwa hiyo tunashauri kitu cha kizamani: karatasi ya mapokezi ichapwe bila safu ya idadi, ahesabu kwa mkono, ndipo aje kwenye kompyuta. Skana ya msimbopau ingesaidia, lakini moduli yake ya kuskania deponi iko kwenye toleo la kulipia, linalotozwa kwa kila mtumiaji.

Vipimo navyo viamuliwe kabla ya mfuko wa kwanza kuingia. Bidhaa ikishahamishwa, kipimo chake cha msingi hakibadilishiki. Utalazimika kufungua bidhaa mpya. Chagua kipimo kidogo unachouza kweli. Kama unga unatoka kwa mfuko wa kilo 25 tu, msingi uwe mfuko. Kama kuna anayepimiwa kilo, msingi uwe kilo, na mfuko uwe kipimo cha kununulia.

Gharama za njiani ndipo Odoo inapojilipa, na moduli yake imo kwenye toleo la bure. Chukua katoni 1,200 zilizonunuliwa kwa dola 18,000: kila moja ni dola 15. Ongeza usafiri 4,800 na ushuru 3,000. Jumla 25,800, katoni moja imefikia 21.50. Anayeuza kwa 20 akidhani anapata faida ya 5 anakula mtaji. Usafiri ugawe kwa uzito, ushuru kwa thamani. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 usiibebeshe bidhaa kama unaidai kwenye tamko lako. Sharti moja: bidhaa iwe imewekwa kwa gharama ya wastani au FIFO (kilichoingia kwanza hutoka kwanza). Kwa bei ya kudumu, moduli hii haifanyi kitu.

Sarafu: weka ya kampuni kuwa dola au franka kwa kuamua kweli, maana hesabu zikishaandikwa huwezi kuigeuza. Kiwango cha kubadilishia hakijisasishi katika toleo la bure. Mtu akiingize kila asubuhi.

Tufike kwenye picha, na hapa alama zinashuka. Chati ya stoku inayokuja nayo inajumlisha mifuko, bidoni na katoni kwenye mhimili mmoja, kama mtu anayejumlisha mbuzi na magunia. Chati ya duara ipo pia. Iache, jicho hulinganisha urefu wa mihimili vizuri kuliko pembe za vipande. Bosi hahitaji idadi, anahitaji siku. Stoku igawe kwa wastani wa mauzo ya siku: bidoni 600 zinazotoka 40 kwa siku ni siku 15. Panga mihimili kutoka siku chache kwenda nyingi, uanzie sifuri, na uchore mstari mmoja wa siku ambazo mzigo huchukua njiani. Kilicho chini ya mstari kimeshachelewa kuagizwa. Rangi moja inatosha, na nyekundu kwa vilivyochelewa tu.

Kiwango cha chini cha kuagiza kinatoka hapohapo. Safari ikiwa siku 25 na akiba ya tahadhari siku 10, 40 mara 35 ni bidoni 1,400. Ingiza namba hiyo kwenye kanuni za kuagiza, na uipitie kila msimu, kwani programu haitakukumbusha kwamba mauzo yamebadilika.

Chati hiyo ichorwe kwa Metabase, programu ya kuchora chati ambayo nayo ina toleo la bure, au Power BI Desktop kama kompyuta ni ya Windows. Fungua mtumiaji wa PostgreSQL wa kusoma tu, kamwe usitumie yule wa Odoo yenyewe. Stoku ya sasa iko kwenye jedwali la stock_quant, mienendo iko kwenye stock_move. Chukua zenye hali ya "done" pekee. Mawili huwasumbua wanaoanza. Jina la bidhaa limehifadhiwa kwa lugha zote pamoja, kwa hiyo andika name->>'fr_FR', la sivyo utaona mabano na alama za kunukuu. Na saa ni ya UTC, saa ya kimataifa: bila kuongeza saa mbili za Lubumbashi, kamio iliyopokelewa saa saba usiku inahesabiwa jana yake.

Seva ndogo deponi, yenye RAM ya GB 4 na betri yake, inavumilia kukatika kwa umeme wa SNEL kuliko kutegemea intaneti kila dakika. Ukurasa wa stoku haufanyi kazi bila mawasiliano na seva. Nakala ya akiba ibebe vitu viwili, hifadhidata na folda ya filestore. Wanaosahau folda hurudisha hesabu zote salama, lakini fakitire na karatasi za dwani zilizoskaniwa hazimo.

Duka la bidhaa hamsini lenye mlango mmoja libaki na Excel. Mwenye depo mbili na kamio njiani aichukue, amlipe fundi anayejua PostgreSQL, na asirukie toleo jipya kila mwaka: kuhamisha Community kwenda toleo linalofuata kunafanywa kwa OpenUpgrade, zana ya bure ya kuhamishia hifadhidata, na ni kazi ya mikono inayotaka seva ya majaribio kwanza.