Lisbon saa sita usiku, begi mgongoni: uzoefu wangu

Ukifika Lisbon usiku, kabla hujalipia kitanda uliza jambo moja: nani atakufungulia mlango? Mimi na mdogo wangu hatukuuliza. Tuliangalia bei, euro 24 kwa kitanda katika chumba cha watu wanane, na picha ya ukuta wa vigae vya buluu, tukalipa. Hosteli yenyewe siitaji jina. Iko mtaa wa Mouraria, kwenye kilima kilicho chini ya ngome ya São Jorge.

Kuingia mjini hakuna tabu. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji na metro inafanya kazi mpaka saa 7 usiku. Tulipanda njia nyekundu, tukabadilisha Alameda, tukachukua ya kijani mpaka kituo cha Martim Moniz. Tulipotoka chini ya ardhi ilikuwa saa sita na robo.

Mji wa Ujerumani ninakosoma hulala mapema. Saa tatu za usiku utasikia viatu vyako mwenyewe tu. Nilidhani na huku ni hivyo hivyo. Kumbe uwanja wa Martim Moniz, nje ya kituo, ulikuwa na watu: vijana wa Kibangladeshi wamekaa wakizungumza na simu kwa sauti, mama mmoja Mwafrika anapita na mifuko ya vyakula, watoto bado wanacheza mpira. Moyo ukatulia.

Shida ilianza tulipoanza kupanda. Ramani ya simu ilisema mita 400, ila haikusema kwamba karibu zote ni ngazi. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, na miguu ya watu imevisugua mpaka vinang'aa. Usiku ule kulikuwa na manyunyu, na kila hatua ilitaka kuteleza. Begi la kilo tisa linakuvuta nyuma kila unapoinua goti. Hata hivyo tulipishana na wageni wawili wenye masanduku ya magurudumu, wameyakumbatia kifuani kwa sababu hayawezi kuburuzwa humo, na nikashukuru begi langu.

Vichochoro vile, kwa mtu aliyekulia Mji wa Kale Mombasa, si vigeni. Nyumba zimesogeleana, nguo zimeachwa kwenye kamba madirishani, taa ni za manjano, paka wamejaa. Nyuma ya mlango mmoja uliofungwa mwanamke alikuwa anaimba fado, nyimbo za huzuni za Wareno. Tulisimama na mizigo yetu mpaka akamaliza.

Halafu tukapotea. Mzee aliyekuwa akivuta sigara kizingitini alituelekeza kwa mikono, akirudia neno moja: igreja, igreja. Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemtoka: "Dada, anasema gereza?" Alikuwa anatuonyesha kanisa, tukate kona hapo. Lakini hakukosea kusikia, maana gereza letu limetoka kwenye igreja yao, tangu enzi za Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kuanzia pale masikio yetu yakafunguka. Mesa ni meza, copo ni kopo, bandeira ni bendera, na lenço ndiyo leso anayojifunga mama yetu nyumbani. Hatukuwa na mtu hata mmoja tunayemjua katika jiji lile, na bado tulikuwa tukikutana na maneno ya kwetu kila tulipogeuka.

Mlango sasa. Mapokezi ya hosteli hufungwa saa sita usiku, na walikuwa wametutumia namba za siri kwa barua pepe. Namba hazikufungua. Tulipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Tulikaa kwenye ngazi dakika arobaini. Hakuna aliyetusumbua, hilo nalisema kwa haki ya mtaa, lakini wasichana wawili kuachwa nje saa saba usiku katika nchi ya ugenini kwa uzembe wa mtu ni jambo lililoniuma na bado linaniuma. Alitufungulia mgeni mwenzetu aliyekuwa anarudi kulala. Namba zilikuwa zimebadilishwa siku hiyo hiyo na hakuna aliyetukumbuka.

Asubuhi walituomba radhi, kisha wakatudai kodi ya jiji, euro 4 kwa kila mtu kwa usiku mmoja. Kodi hiyo ni halali, ni ya manispaa. Kosa lao ni kutoionyesha wazi tulipokuwa tunalipia. Shuka zilikuwa safi, maji ya moto yapo, na kufuli la kabati uje nalo.

Usiku ule hatukulala mara moja. Tulitua mabegi tukatoka tena, tukatembea mpaka Portas do Sol, roshani ya kutazamia mji. Chini yetu mapaa ya mtaa wa Alfama, jina lililotoka kwenye Kiarabu, ndugu wa hamamu yetu. Mbele, mto Tejo na taa za meli. Maji hayo ndiyo aliyoyapita Vasco da Gama Julai 1497, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, kisha Malindi. Shuleni tulisoma upande wa kufika tu. Kusimama katika jiji safari ile ilikoanzia, usiku, na mdogo wangu ameniegemea begani kwa baridi, kulinifanya ninyamaze muda mrefu.

Hosteli naipa nyota mbili, mtaa tano. Usiku wa pili tulikula biriani Rua do Benformoso, kwa Wabangladeshi, tukashiba kwa bei nafuu. Ukishuka Baixa, katikati ya mji, gizani wanaume watakunong'onezea dawa za kulevya. Sema hapana na usisimame. Nikirudi nitafikia huko huko Baixa, ambako ni tambarare na mitaa imenyooka tangu ilipojengwa upya baada ya tetemeko la 1755, kwenye hosteli yenye mtu mapokezi usiku kucha. Na nitavaa viatu vya soli ya mpira.