Riwaya za mapenzi: nunua ipi kwa njia ipi

Anayeuliza anunue riwaya gani ya mapenzi hutajiwa vitabu ishirini, kisha anarudi nyumbani na kitabu cha tatu cha mfululizo ambao cha kwanza chake hajawahi kukiona. Kabla ya bei, jua kama kitabu kinajitegemea. Mapenzi ya kisasa, yale ya daktari na nesi au tajiri na katibu wake, mara nyingi huanza na kuisha ndani ya jalada moja. Ya mauzauza, yenye wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu, mara nyingi huja kwa mfululizo. Ngano zilizosukwa upya, yaani hadithi za kale zinazosimuliwa tena kama mapenzi, ziko katikati.

Mifululizo nayo ni ya aina mbili, na hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Katika aina ya kwanza kila kitabu kina wapenzi wake: kaka mkubwa anaoa katika cha kwanza, mdogo wake katika cha pili, ukoo ni uleule. Hiyo inunue bila mpangilio ukitaka. Utakachokosa ni umbea wa ukoo tu. Katika aina ya pili wapenzi ni walewale mwanzo hadi mwisho, na kila kitabu hukatika pale roho iko juu. Hiyo ama unainunua yote, ama unaiacha. Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja: soma maelezo ya nyuma ya kitabu cha pili. Ukimkuta msichana yuleyule wa kitabu cha kwanza, ujue umeshika aina ya pili. Vitabu vyenye namba kama 0.5 au 2.5 ni hadithi fupi za pembeni. Angalia idadi ya kurasa kabla ya kulipa, maana wakati mwingine kurasa 60 huuzwa karibu na bei ya 300.

Kwa mpangilio huo, njia za kununua tunazipanga hivi.

Ya kwanza: mitumba ya karatasi

Kwa mapenzi ya kisasa na mfululizo wa aina ya kwanza, hakuna njia inayoishinda hii. Mills & Boon, mchapishaji wa riwaya za mapenzi, ilianzishwa London mwaka 1908, mwenzake Harlequin ilianzishwa Kanada mwaka 1949, na Harlequin ikainunua Mills & Boon mwaka 1971. Vijitabu vyao vilichapwa kwa wingi mno, hata mwaka 2003 ikaripotiwa kuwa nakala zipatazo milioni 2.5 zilisagwa na kutiwa kwenye barabara ya M6 Toll huko Uingereza. Ambavyo havikukanyagwa na malori vingine vipo kandokando ya mitaa ya Nairobi, kwenye zile "bookshop" za inama, ambako vitabu hutandazwa chini nawe huinama kuchagua. Kijitabu cha kawaida kina maneno kama 50,000 katika kurasa zisizofika 200, yaani jioni mbili.

Usikinunue kwa kutazama jalada. Kifungue katikati, kisha penye robo na penye robo tatu. Gundi ya mgongo ikikaa juani miaka mingi hukauka na kuwa kama biskuti. Ukisikia "krak", kurasa zitaanza kudondoka kabla ya busu la kwanza. Fuata namba za kurasa za mwisho kumi, kwa sababu ndizo zinazochanika zaidi, na riwaya ya mapenzi isiyo na mwisho ni hasara tupu. Nusa. Harufu ya udongo wenye unyevu pamoja na madoa ya kijivu ni ukungu, na ukungu huambukiza rafu nzima, hasa pwani. Vumbi laini kama unga kwenye mgongo au vitobo vidogo ni dalili ya wadudu. Kama bado unakitaka, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kiache siku nzima ndani ya mfuko uleule kabla ya kukifungua, la sivyo umande utaingia kwenye karatasi.

Kilichong'olewa jalada la mbele kiache, hata kwa bei ya kutupa. Wauzaji wa Marekani hung'oa majalada ya vijitabu visivyouzika na kuyarudisha kwa mchapishaji ili warudishiwe pesa, na kitabu chenyewe kinatakiwa kiharibiwe. Kikifika sokoni uchi, mwandishi hakulipwa kitu.

Kosa jingine ni kununua hadithi moja mara mbili. Riwaya moja huweza kutoka Uingereza na jalada lake, Kanada na jingine, kisha kurudiwa miaka kumi baadaye na la tatu. Ukurasa wa haki miliki ndio usiodanganya: tazama mwaka wa kuchapwa kwa mara ya kwanza na jina la mwandishi, siyo picha ya kifua wazi iliyo nje.

Ya pili: Kindle au Kobo, kwa ajili ya mauzauza

Mfululizo wa vitabu saba wenye wapenzi walewale ni vigumu kuukusanya kwa mitumba. Cha nne hakipatikani kamwe. Hapa kifaa cha kusomea chenye kioo cha wino wa kielektroniki, kama Kindle ya Amazon au Kobo, kinarudisha gharama yake.

Kindle ya kawaida ya 2024 ina kioo cha inchi 6, nukta 300 kwa inchi na nafasi ya GB 16, lakini haizuii maji na taa yake haigeuki kuwa ya njano. Paperwhite ya mwaka huohuo ina inchi 7, taa ya njano na kinga ya maji ya IPX8. Kobo Clara BW, nayo ya 2024, ni inchi 6 na ina vyote viwili. Faili la riwaya kwa kawaida halizidi MB chache, kwa hiyo usilipie nafasi kubwa zaidi.

Kwa kifaa peke yake tungechagua Kobo. Inasoma EPUB, muundo wa kawaida wa faili la kitabu cha kielektroniki, moja kwa moja, na unaweza kununua vitabu kwenye maduka mengi yanayouza muundo huo. Tatizo ni kwamba mwandishi anayekiingiza kitabu chake Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa kulipia kila mwezi, hufungwa kwa siku 90 asiuze nakala ya kielektroniki kwingine, na mkataba hujirudia asipojitoa. Waandishi wengi wa mauzauza wanaojichapishia wenyewe wamo humo. Basi orodhesha mifululizo mitatu unayoitamani na uitafute kwenye duka la Kobo kabla ya kununua kifaa. Ukikosa miwili, nunua Kindle, ukijua kwamba Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kushusha vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Kifaa kilichokwishatumika usikilipie kabla hujakisajili kwa akaunti yako mbele ya muuzaji. Kindle iliyoripotiwa kuibwa hukataa. Geuza kurasa ishirini, tazama kama kuna mstari usiofutika. Kioo hicho kikipasuka kwa ndani, kukibadilisha huweza kukaribia bei ya kifaa.

Huna bajeti ya kifaa? Simu inatosha. Sharti ni EPUB, siyo PDF, maana PDF haipangi maneno upya kulingana na upana wa kioo, na utasoma kwa kusukuma kushoto na kulia mpaka uchoke. Na ukikosa kitufe cha kununua ndani ya programu ya Kindle kwenye Android, programu si mbovu: nunua kwa kivinjari, kitabu kitajileta.

Ya tatu: karatasi mpya, kwa ngano

Ngano ndiyo aina pekee ambayo uzuri wa kitabu ni sehemu ya unachonunua: michoro, ramani, kingo za kurasa zilizopakwa rangi. Kingo hizo mara nyingi huwa za chapa ya kwanza tu. Picha ya dukani ikizionyesha, muulize muuzaji akupigie picha ya nakala iliyopo. Tazama pia safu ya namba kwenye ukurasa wa haki miliki: kwa wachapishaji wengi, namba ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyoshika. Chapa za wizi zinajulikana kwa jalada lenye ukungu wa rangi, msimbo wa mistari uliofifia na maandishi yaliyopinda kidogo upande mmoja.

Kabla ya kulipa, soma ngano mama bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Zile za Mfaransa Charles Perrault ni za 1697 na hazina haki miliki tena.

Ya nne: kulipia kwa mwezi

Inafaa kwa anayemaliza vitabu vinne au zaidi kwa mwezi, basi. Kindle Unlimited hukuruhusu kushika vitabu 20 kwa wakati mmoja, na ukiacha kulipia vyote vinaondoka. Hakikisha kwanza huduma inatolewa kwa nchi ya akaunti yako. Mliopo Uingereza, Marekani au Kanada mna Libby, programu ya kuazima vitabu vya kielektroniki, ya bure kwa kadi ya maktaba inayoshiriki. Foleni tu ndiyo ndefu.

Mkiani: programu za sarafu

Ni zile zinazokutangazia mbwamwitu dume na mke aliyekataliwa, sura kumi bure, kisha kila sura unaifungua kwa sarafu unazozinunua humohumo. Piga hesabu kabla ya sura ya kumi na moja: bei ya sura mara idadi ya sura. Kwa mfano, sura 180 kwa shilingi 20 ya Kenya ni 3,600, pesa ya kununulia rundo la mitumba. Zaidi ya hapo, hadithi nyingi humo hurefushwa makusudi; ukiona mimba imedumu sura sabini, unajua nani anafaidika.

Riwaya za Kiswahili zinazouzwa kwa vipande WhatsApp zina hesabu hiyohiyo, ila bei ni nafuu na mwandishi unaongea naye mwenyewe. Mwulize jambo moja kabla ya kutuma pesa: imekamilika? Akisema bado anaandika, lipia kipande kimoja.